Adapta Nyembamba

Kwanza ieleweke kwamba simchukii Yasen. Kumchukia mtu kunahitaji sababu, na Yasen hajawahi kunipa hata moja, jambo ambalo lenyewe linaudhi. Tumekulia ngazi moja hapa Gabrovo, katika jengo lililoegemea mlima kama mlevi aliyeegemea ukuta: mimi ghorofa ya pili, yeye ya nne. Shuleni aliketi mbele yangu. Miaka kumi na miwili nimesoma ubao kwa kuchungulia pembeni ya kisogo chake, na walimu walikuwa wakimsifu kwa kukaa wima.

Mwaka jana alikwenda Ujerumani kufanya kazi ghalani. Alirudi mwezi wa tisa na mashavu mekundu na kamera mpya, hizi za siku hizi zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Na mimi ninayo ya namna hiyo, ila yangu niliinunua mkononi mwa mtu, ina kovu ubavuni, na ukiishika vibaya mlango wa betri unafunguka wenyewe kama kinywa cha mzee aliyesinzia. Yake ilikuwa bado inanuka boksi.

Hilo nililimeza. Kamera ni kamera. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho Yasen hakuwa nacho: nilizijua lenzi za zamani. Katika mji huu kila kabati lina lenzi ya marehemu fulani, nzito kama jiwe la mizani, na watu wanazitumia kuzuia mlango usijifunge. Kamera zetu hizi, kwa kuwa hazina kioo, zina nafasi tupu mbele. Ukiweka hapo pete ya chuma, ndiyo tunayoiita adapta, lenzi ya enzi za babu inakaa vizuri kabisa. Umeme haupiti, kamera haijui hata kama imevalishwa kitu. Kufokasi unafokasi mwenyewe, unazungusha pete kwa vidole polepole, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, mpaka uso utoke kwenye ukungu. Kamera inakusaidia kidogo kwa kuchora mistari myekundu pembezoni mwa kilichokaa sawa. Mengine ni vidole vyako na subira yako.

Subira ninayo. Nafanya kazi kwenye duka la mjomba wangu Dobri la kuchapa na kutoa nakala, karibu na posta, na nusu ya kazi yetu ni tanzia. Hapa mtu akifa tunabandika karatasi yenye picha yake mlangoni, kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi. Siku ya arobaini tunabandika nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine. Mzee anayekwenda kununua mkate anazisoma njiani kama gazeti. Lakini picha zenyewe! Watu wanatuletea ya kitambulisho, tunaikuza hadi pua inakuwa rundo la vigae. Nimewahi kumpeleka mtu kaburini amekatwa kutoka kwenye picha ya harusi, mkono wa shemeji bado uko begani mwake na shemeji mwenyewe hayupo.

Ghorofa ya tatu, yaani katikati ya mlango wangu na wa Yasen, anakaa Bibi Stamena. Umri wake ni themanini na mmoja. Lifti yetu ilikufa zamani na hakuna aliyeibandikia tanzia, kwa hiyo miaka mitatu sasa ni mimi ninayembebea viazi. Siyo viazi tu. Kabichi, maji ya chupa, gunia la pilipili hoho za kuchoma. Wema? Tuseme wema. Lakini kwenye kabati lake la vioo, kati ya glasi za kioo kilichochongwa na samaki wa kaure, ilikaa Jupita ya marehemu mumewe.

Gancho, mumewe huyo, alikuwa mpiga picha wa kiwanda cha nguo. Jupita yake ni lenzi ya uso wa mtu, imetengenezwa kwa hiyo kazi: ina visu vyembamba kumi na vitano ndani vya kupunguza kitundu cha mwanga, na ukikifunga kinabaki mviringo safi, na ngozi ya mtu ndani yake inakuwa kama imepakwa maziwa. Bibi aliwahi kuniruhusu niishike. Nilivihesabu visu vyote, nikairudisha, nikashuka ngazi mikono mitupu.

Sikuiomba. Mtu wa Gabrovo haombi, anangoja. Huu ndio mji ambao paka, kwa simulizi za wenyewe, hukatwa mkia ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi na joto lisipotee bure. Nilijiambia kwamba viazi vitasema. Jengo zima lilijua ninachongoja, na mjomba Dobri alikuwa akinidhihaki kwamba viazi vya Stamena vitanizeesha mimi kabla yake.

Sasa ilikuwa Jumanne, mwisho wa Septemba, kila roshani inafuka moshi wa pilipili, nami niko kaunta nikinyoosha kingo za tanzia ya fundi bomba. Yasen akaingia. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo, na ndani ya kitambaa, imelala kama kifaranga, Jupita.

"Tisho, ndugu yangu," akasema, "hebu nielekeze. Hii inakaaje kwenye kamera?"

Nilitazama ile lenzi, nikamtazama yeye, nikatazama tena lenzi. Nikamuuliza kwa sauti nyepesi kabisa ameitoa wapi, kama mtu anayeuliza saa.

Akanieleza. Alikuwa amekutana na Bibi Stamena ngazini, wakaongea. Jumatatu ijayo Bibi anapelekwa Sofia, mji mkuu, kufanyiwa upasuaji wa moyo. Madaktari wamemwambia mambo ya asilimia, yeye akawaambia hesabu aliiacha shule ya msingi. Ila anataka kabla hajaondoka apigwe picha ya tanzia yake, picha ya heshima, tena kwa lenzi hiyohiyo ya Gancho. Jumamosi asubuhi, jikoni kwake.

"Na amesema nikimpiga vizuri, lenzi itabaki kwangu," akamalizia. Akacheka kwa haya, akakuna kisogo, kilekile ninachokijua. "Sijui hata nifanye nini nayo. Wewe ndiye mtaalamu."

Wiki mbili! Amerudi wiki mbili! Mimi nina miaka mitatu ya viazi. Nikatabasamu. Nilitabasamu hivi kwamba taya likaniuma.

Kwenye droo ya kaunta nilikuwa na adapta mbili, na hapa nieleze kidogo, maana dhambi yenyewe iko hapa. Zamani zile kulikuwa na kamera za aina mbili, zenye kioo ndani na zisizo na kioo. Lenzi zao zilikuwa na nyuzi zilezile za kufungia, upana uleule, ungeapa ni ndugu mapacha. Lakini za kamera zenye kioo zinatakiwa zikae mbali zaidi na filamu, kama upana wa kidole gumba hivi. Kwa hiyo leo kuna adapta nene na adapta nyembamba. Lenzi inaingia kote kuwili, inazunguka, inakaza, hakuna kinacholalamika. Ila ukiifunga lenzi inayotaka nene kwenye nyembamba, hutaona kitu. Zungusha pete ukeshe, kila kitu ni uji. Kosa hili hulifanya kila mgeni wa mambo haya, na kila mgeni hulaumu lenzi.

Jupita ya Gancho ilitaka nene. Nilijua tangu siku ile ya kuhesabu visu.

Mkono wangu uliingia kwenye droo. Nikazigusa zote mbili, nene upande huu, nyembamba upande ule, zote baridi.

Nikampa nyembamba.

Tena sikuishia hapo. Nilimfungia mwenyewe. Nikamfundisha kwa moyo mweupe kabisa ile swichi iliyofichwa ndani ya menyu, ya kuiruhusu kamera ipige hata kama inadhani haina lenzi, maana bila hiyo ingemgomea. Nikamweleza na mistari myekundu. Nikamuuliza kama ameelewa, akatikisa kichwa kulia na kushoto, ambayo kwetu hapa maana yake ni "ndiyo", akanishukuru mara tatu. Ukitaka kumfanyia mtu ubaya ukalala vizuri, changanya na msaada.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Jumamosi Yasen atashindwa mbele ya Bibi. Atatoka jasho, atasema lenzi imekufa. Hapo mimi nitapita kwa bahati tu, shati limepigwa pasi, adapta nene mfukoni. Nitaitazama, nitasema "hebu," na uso wa Bibi Stamena utatoka kwenye ukungu mbele ya macho yao wawili. Picha yangu, lenzi yangu.

Jumatano alikuja dukani. Nikasikia viatu vyake nikajua.

"Tisho, haioni. Mbali haioni, karibu haioni. Nimempiga paka wa chini akawa wingu."

Nikaichukua nikaisogeza kwenye dirisha, nikaitazama kwa uso wa daktari anayesoma eksirei ya adui yake. Nikasema ah, hizi za zamani. Gundi ya ndani inaachia. Mafuta yanakauka. Nikamshauri aniachie niikague. Akasema hawezi, alimwahidi Bibi haitatoka mkononi mwake. Akaifunga tena kwenye kitambaa chake akaondoka, mabega yameshuka kidogo, nami nikaona mara ya kwanza maishani mwangu Yasen hajakaa wima. Ilipaswa kunifurahisha zaidi ya vile.

Alhamisi nikambebea Bibi Stamena gunia la mwisho la pilipili. Alikuwa roshani, amevaa aproni, anazigeuza kwenye chombo cha kuchomea, vidole vyeusi. Akaniambia niketi. Akanisimulia kitu ambacho, kwa viazi vyote vile, hakuwahi kunisimulia.

Alikuwa na miaka ishirini, msokotaji kiwandani, na Gancho aliletwa kumpiga picha ya ubao wa wafanyakazi bora. Akampiga. Kesho yake akaja kusema filamu imeharibika, wapige tena. Akampiga. Ikaharibika. Mara kumi na moja alimketisha kwenye kile kiti, hadi msimamizi akauliza huyu msichana ana nini hata filamu zinamkataa. Baada ya harusi ndipo Gancho alipokiri kwamba mara kumi za kwanza kamera ilikuwa tupu. Alikuwa akimtazama tu.

"Kwa hiyo nimesema," akaendelea, akibandua ganda la pilipili bila kupulizia vidole, "lile jicho lililoniona mwanzo, liniangalie na mwisho. Yule kijana ataweza, unadhani?"

Nikasema ataweza, kwa nini asiweze. Nikashuka ngazi. Ghorofa ya pili nikasimama na ufunguo mkononi, nikafikiria kupanda mbili juu na ile adapta nene. Nilifikiria kweli. Kisha nikaona mbele ya macho kisogo cha Yasen kimeinama juu ya Jupita, Jupita yake, milele, na nikaingia ndani nikajifungia.

Jumamosi nilivaa shati la pasi. Adapta nene ilikuwa mfukoni, kamera shingoni. Saa nne nikagonga mlango wa ghorofa ya tatu na maneno yangu tayari mdomoni, kwamba nimepita tu kuuliza kama kuna cha kubeba.

Bibi alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha, nywele zimekaa, blauzi nyeupe, bruchi ya fedha kifuani. Na Yasen alikuwa amepiga magoti mbele yake, na jambo alilokuwa akilifanya sijawahi kulisoma popote.

Alikuwa ameifungua Jupita kutoka kwenye adapta. Hakuifunga popote. Kamera mkono wa kulia, lenzi mkono wa kushoto, ameishika tu hewani mbele ya tundu, na katikati, ili mwanga usiingie ovyo, ameziba kwa soksi nyeusi iliyokatwa ncha. Soksi ya marehemu Gancho, kama nilivyoambiwa baadaye. Alikuwa akiisogeza lenzi mbele na nyuma unywele kwa unywele, akiiinamisha kidogo, kama mtu anayekamua mbuzi mwenye aibu.

"Tisho, umekuja vizuri," akasema bila kugeuka. "Shika pazia. Lisogeze kidogo kwenye mwanga. Hapo hapo."

Nikashika pazia. Naomba jambo hilo lisisahaulike. Kwa ajili ya kushindwa kwangu mwenyewe, mimi ndiye niliyeshika pazia.

Yasen alikuwa akiongea naye muda wote. Alimwambia afikirie siku ile ya mara ya kumi na moja. Bibi akauliza nani amemwambia habari hizo; Yasen akasema ni Bibi mwenyewe aliyemwambia, Jumatatu, ngazini. Kumbe hata hiyo alipewa kabla yangu. Bibi akacheka, akaweka mkono mdomoni, akautoa, na hapo kamera ikalia.

Tukaitazama kwenye skrini ya nyuma ya kamera, watatu, vichwa vimegusana. Jicho moja limekaa sawa kabisa, hadi unaona dirisha dogo ndani yake. Vingine vyote vilikuwa vinayeyuka kutoka kwenye lile jicho taratibu, shavu, nywele, bega. Na kwa kuwa soksi haikuziba vizuri, mwanga ulikuwa umepenya pembeni na kumlaza utepe wa dhahabu kwenye shavu, kama mtu aliyefungua mlango wa oveni ya mkate. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na alikuwa na miaka ishirini. Nimepiga maelfu ya picha kwa lenzi za zamani, paka, majani, taa za barabarani zilizogeuka viputo. Sijawahi kupata kama ile. Na niliisababisha mimi.

Nilitafuta kasoro kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikasema sikio halijafokasi.

"Sikio la nini, mwanangu?" akasema Bibi Stamena. "Nitakuwa nimekufa. Sitasikia."

Akainuka kwenda kutoa banitsa, mkate wetu wa tabaka, kwenye oveni, kwa sababu kwake hata siku ya kupigwa picha ya kifo lazima mtu ale kitu cha jibini. Tukabaki mimi na Yasen na ile soksi mezani.

"Ile adapta," akasema taratibu, akikunja mikono ya shati. "Siyo yake, sivyo? Nimesoma juzi. Inatakiwa ikae mbele zaidi, milimita kumi na sita na kitu. Ndiyo nikajaribu kuishika kwa mkono."

Nikaikunja ile soksi, nikaikunjua.

"Nikadhani umezichanganya kwenye droo," akasema.

Akanitazama kidogo, halafu akatazama pembeni. Alijua. Alikuwa amenifungulia mlango mdogo wa kutokea, na alikuwa ameushikilia kwa adabu ili nipite. Na mimi, badala ya kuona aibu tu kama mtu wa kawaida, niliona wivu na hapo. Hata msamaha alikuwa ameufanya vizuri kuliko ambavyo ningeufanya mimi.

Labda ndiyo maana nilikataa kupita mlango wake. Bibi aliporudi na sinia nikaitoa ile adapta nene mfukoni nikaiweka mezani. Ililia kwenye kioo cha meza.

"Hii ndiyo iliyotakiwa, Bibi," nikasema. "Nilikuwa nayo tangu Jumanne. Nilimpa nyingine makusudi, ashindwe."

Yasen akainamia viatu vyake. Bibi Stamena akakata banitsa. Akampa Yasen kipande cha katikati. Mimi akanipa cha pembeni, kilichoungua kidogo, lakini akanipa.

"Kwa ajili ya hicho cha kabatini?" Bibi akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Nilijua unakitaka. Nilikuwa nangoja uniombe." Akafuta kisu kwa kidole. "Tisho, miaka mitatu unanibebea viazi, na kamera imening'inia hapo shingoni. Paka wa chini umempiga. Nguzo ya taa umeipiga, mpaka na mlango wa lifti iliyokufa. Mimi hujanipiga hata siku moja. Nikawa najisemea, basi nimezeeka vibaya, kijana anaona haya kuniambia. Huyu hapa amerudi juzi, akanikuta ngazini na mtungi wa pilipili, nimevaa kandambili. Akaniuliza, Bibi, nikupige? Nikasema huyu ndiye."

Nikatafuna banitsa iliyoungua hadi ukingo wa mwisho.

"Haya," akasema. "Weka hicho chuma chako. Na wewe nitazame."

Nikafunga nene, nikafunga Jupita. Ilikaa kama imezaliwa hapo. Nikapiga goti palepale kwenye vigae vilivyopashwa joto na goti la Yasen, nikaanza kuzungusha ile pete, na Bibi Stamena akatoka kwenye ukungu, kwanza bruchi, kisha kidevu, kisha macho. Mistari myekundu iliizunguka mikunjo yake yote. Nilikuwa sijawahi kumtazama kwa muda mrefu namna ile. Ana kovu dogo juu ya mdomo. Nimepita mbele ya kovu hilo miaka mitatu na mizigo yake. Nikapiga tatu. Zilitoka kali, safi, kila unywele mahali pake.

Alizitazama kwa miwani, akazirudia.

"Hii imenihesabu," akasema. "Ni nzuri. Ila mlangoni haibandikwi, majirani watasema nilikuwa mgonjwa muda mrefu."

Akachagua ya Yasen. Yangu moja akaomba niichape ndogo, aende nayo Sofia, wampe daktari wa moyo ajue anayefungua ni nani.

Mchana ule nilichapa tanzia ishirini za mtu aliyekuwa nyumbani anamenya pilipili. Maneno aliyatunga mwenyewe, na akaagiza niache nafasi tupu pa tarehe na nafasi nyingine pa kuandika kwa kalamu "siku arobaini", "miezi sita" au "mwaka", maana kwa nini karatasi zichapwe mara tatu. Mjomba Dobri aliposikia hilo alivua kofia. Akasema huyo ndiye Mgabrovo wa mwisho.

Zilipoanza kutoka kwenye mashine nikaona kitu ambacho kwenye skrini ndogo ya kamera hatukukiona. Pembeni kabisa ya picha, kwenye mwanga, kuna mkono wa mtu umeshika pazia. Kazi yangu ni kukata mikono kama hiyo. Mkasi ulikuwa pale, na kompyuta ilikuwa pale, ni suala la kubonyeza mara mbili. Nilizitazama Stamena ishirini, zote zinamchekea Yasen, na mkono ule mara ishirini. Nikauacha.

Hakufa. Alirudi baada ya wiki mbili na nusu, mwembamba kidogo, analalamika kwamba supu ya Sofia ni maji yaliyooneshwa kuku. Tanzia ziko kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita Yasen na kuidai Jupita. Yasen akamkumbusha ahadi. Akasema ahadi ilikuwa kwa picha ya marehemu, na je, marehemu yuko wapi? Akaifuta kwa aproni akairudisha kati ya glasi na samaki wa kaure. Tukitaka kuitumia twende kwake, na yeye mwenyewe aketi mbele ya lenzi.

Kwa hiyo siku hizi mambo ngazini yamekuwa magumu. Nikisikia mlango wa ghorofa ya nne asubuhi ya siku ya soko, navaa viatu mbio. Juzi tulifika kwenye begi la viazi na mayai pamoja, akashika mpini mmoja nami wa pili, na hakuna aliyekubali kuachia. Tukapanda hivyo ghorofa tatu, ubavu kwa ubavu, mabega yanakwaruza ukuta, na Bibi Stamena amechungulia kutoka juu.

"Mnavunja mayai," akasema. "Yasen, mwache mwenzio, amezoea."

Nimeshampiga picha mara thelathini na saba. Jana alinikuta ngazini nikilisubiri begi lake, akaniuliza napiga kwa ajili ya lenzi au kwa ajili yake. Nikamwambia bado sijajua. Akasema ni jibu la kwanza la kweli nililompa.

Ile adapta nyembamba Yasen alinirudishia wiki ileile. Ilikuwa ndani ya soksi ya Gancho, soksi imefuliwa na kupigwa pasi, inanuka sabuni. Ningefurahi zaidi angeirudisha chafu.